PF3 imfuate majeruhi, si majeruhi aifuate PF3

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumze na Jeshi la Polisi, hasa askari wa usalama barabarani na wenzao wa vituo vidogo vya vijijini, kuhusu namna wanavyomshughulikia majeruhi katika dakika za kwanza baada ya kufika kwenye ajali, na kuhusu PF3, ile fomu ya polisi anayodaiwa majeruhi hospitali. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Tabora, na nimefanya kazi na askari kwa miaka mingi kiasi cha kujua kwamba wengi wao huitwa usiku wa manane, hufika wakiwa wawili mahali panapohitaji watu kumi, na hurudi nyumbani na damu ya watu wasiowajua kwenye sare zao. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba nimeshika kalamu ili niwatukane. Nimeishika kwa sababu ya mzee mmoja aliyekufa mikononi mwangu mwaka jana, wakati wa masoko ya tumbaku.

Nilikuwa abiria katika mchomoko uliokuwa ukirudi mjini, yapata saa kumi na moja jioni, tulipokuta fuso lililosheheni marobota ya tumbaku limesimama mshazari barabarani na pikipiki ya bodaboda imelala chini ya bampa lake la mbele. Mwendesha bodaboda, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa chini akilia kwa sauti ya kusikika mbali. Paja lilikuwa limevunjika na damu ilikuwa ikitoka juu kidogo ya goti. Abiria wake, mzee wa miaka kama sabini, alikuwa ameshainuliwa na wasamaria na kuketishwa chini ya mwembe, mgongo umeegemea shina, kofia yake ameishika magotini kama mtu anayesubiri zamu yake ofisini. Nilikunja upande mmoja wa khanga yangu, nikaukandamiza kwenye jeraha la kijana kwa viganja viwili, nikamwagiza utingo wa fuso anishikilie mguu usichezecheze.

Askari wawili walifika baada ya dakika zisizozidi ishirini, na kwa umbali wa mahali pale hilo ni jambo la kupongezwa. Mmoja alitoa tepu na kuanza kupima alama za breki. Mwenzake alimwendea mzee na daftari mkononi, achukue maelezo, kwa kuwa ndiye aliyeonekana mzima na mwenye uwezo wa kusema. Mzee alimjibu vizuri: jina lake, kijiji chake, alikotoka na alikokuwa akienda. Hata mimi alinisalimu, "mwadila", kwa adabu zote. Kisha akaomba maji. Mtu mmoja akampa chupa, akanywa, akaomba tena. Nilipogeuza shingo kumtazama niliona jasho linamtiririka usoni, na ile ilikuwa jioni ya mwezi wa saba, ambayo mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa ilivyo na upepo wa baridi. Nikasema, "Afande, huyu mzee ndiye wa kwanza kuondoka hapa." Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, huyu hana jeraha. Tuvumiliane tumalize vipimo, magari yakisogezwa mchoro utaharibika."

Vipimo vilichukua dakika ishirini na tano. Mzee alikata roho njiani, kabla hatujafika hospitali. Sidai kwamba dakika zile zingemponya, maana nimeshuhudia watu wakifia mlangoni mwa chumba cha upasuaji huku daktari ameshavaa glavu. Ninachosema ni kwamba zilikuwa dakika zake, na zilitumika kupima lami.

Askari yule hakuwa mtu mbaya. Hakuwa amefundishwa, au alifundishwa siku nyingi na akasahau, kwamba katika ajali mtu anayepiga kelele ndiye mwenye unafuu. Anayelia anavuta hewa. Njia yake ya pumzi iko wazi, na ana nguvu ya kulia. Wa kukimbiliwa ni aliyenyamaza: aliyelala chali nyasini akikoroma, ambaye ulimi umerudi nyuma na kuziba koo, na ambaye ubongo wake unaanza kudhurika ikiwa atakosa hewa kwa dakika kama 4 hivi. Wa pili ni yule anayevujia ndani. Mwili wa mtu mzima una damu ya takribani lita 5, na nyingi inaweza kumwagikia tumboni, kifuani au kwenye nyonga bila tone moja kuonekana kwenye shati. Mtu huyo huongea, hutaja jina lake, huuliza habari za mizigo yake. Kisha husikia kiu, hutoka jasho la baridi, hupauka ndani ya midomo, mapigo yake huenda mbio na kufifia, halafu huanza kusinzia, na watazamaji husema amechoka. Maji aliyopewa mzee wetu kwa nia njema hayakumsaidia lolote. Anayehitaji upasuaji hapaswi kunyweshwa kitu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa askari anayeshuka kwenye gari ni kwamba tepu ibaki garini kwanza. Azuie magari yasije kuwagonga waliokwisha kugongwa, kwa taa za gari lake na kwa yale matawi ambayo sisi huyatandaza barabarani bila kufundishwa na mtu. Anuse kama kuna mafuta yanayovuja, na kama yanavuja awaondoe watu mbali bila kubembelezana nao, maana hatujasahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambako zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka huku watu wakichota petroli. Kisha awahesabu majeruhi, na ahesabu pia porini na mtaroni, kwa sababu bodaboda humrusha mtu mbali na usiku hakuna wa kumwona. Akimaliza kuhesabu, aanze na walionyamaza.

Hapo hahitaji udaktari. Damu inayotoka hukandamizwa kwa kitambaa na kiganja, kwa nguvu na bila kuachia. Kuchungulia kila baada ya nusu dakika kama imekatika ndiko kunakoifanya isikatike. Ikiwa ni mkono au mguu na damu inaruka licha ya kukandamizwa, hufungwa kitambaa kipana juu ya jeraha, si kwenye kiungo, kikazwe kwa kijiti mpaka damu isimame, na saa ya kufunga iandikwe mahali daktari atakapoiona. Aliyezimia lakini anapumua hulazwa ubavu, kichwa na shingo vikigeuka pamoja na mwili, ili matapishi yatoke nje yasiingie mapafuni. Kofia ngumu ya pikipiki haivuliwi kwa kuinyofoa. Huachwa kichwani isipokuwa inapomzuia kupumua. Na yeyote anayelalamika shingo au mgongo, au asiyesikia miguu yake, asikokotwe kwa kushikwa makwapa, kwani nimewapokea vijana waliopanda bodaboda asubuhi na kulazwa wodini jioni wakiwa wamepooza, na katika baadhi yao sijaacha kujiuliza kama mfupa ulimalizwa na gari au na wale waliowarusha nyuma ya kirikuu kama magunia ya mpunga.

Sasa nifike kwenye fomu yenyewe. PF3 ni karatasi muhimu, na ninaiheshimu. Polisi huandika sehemu yake, daktari huandika majeraha aliyoyaona, na karatasi hiyo ndiyo humsaidia majeruhi mahakamani na kwenye madai ya bima. Kasoro haiko kwenye karatasi. Iko kwenye safari inayolazimishwa kufanywa kwa ajili yake. Kijana wetu wa paja alipofikishwa hospitali, kabla hajaulizwa anaumwa wapi, dirishani aliulizwa kama ana PF3. Askari walikuwa wamebaki barabarani na fomu zilikuwa kituoni. Ndugu yake alitumwa na bodaboda nyingine, usiku, kwenye barabara ileile, akaifuate.

Nitakuwa mnafiki nikiishia hapo. Swali hilo nimewahi kuliuliza mwenyewe, nikiwa na sare nyeupe na kalamu mfukoni, na si mara moja. Tuliliuliza kwa sababu waliotutangulia waliliuliza, na kwa sababu kila mmoja wetu alimjua mwenzake aliyeitwa kujieleza baada ya kumpokea mtu mwenye majeraha ambaye baadaye alidaiwa kuwa jambazi. Viongozi wa serikali wamesema mara nyingi kwamba majeruhi wa ajali atibiwe kwanza na fomu ifuate, lakini tamko linalotolewa kwenye mkutano halifiki kirahisi kwenye dirisha la mapokezi saa tano usiku, ambako yupo mtumishi mmoja, kijana, anayeogopa. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Sijaona mahali ilipoandikwa kwamba haki hiyo huanza baada ya muhuri kupigwa.

Dawa yake ni rahisi kuliko tunavyoifanya. Kitabu cha PF3 kikae ndani ya gari la polisi, au kwenye mkoba wa askari wa pikipiki, pamoja na tepu na chaki. Askari mmoja abaki eneo la ajali, mwenzake aongozane na majeruhi mpaka hospitali na kuijaza fomu hukohuko, kando ya kitanda, wakati daktari anafanya kazi yake. Kama yuko peke yake, apige simu kituoni na askari wa zamu apeleke fomu hospitali. Kituo kina namba ya simu ya hospitali na hospitali ina namba ya kituo, na simu hiyo ina faida ya pili ambayo mimi kama muuguzi ninaithamini kuliko ya kwanza: huku hospitali tutajua mapema kwamba wanakuja wawili, mmoja paja, mmoja tumbo, tumwite mpasuaji na mtu wa maabara aanze kutafuta damu.

Na ule mchoro? Nimeuliza askari wastaafu ninaofahamiana nao hapa mjini, na jibu lao lilinishangaza kwa wepesi wake: matairi huzungushiwa chaki mahali yalipo, pikipiki huchorewa ilivyolala, picha mbili tatu hupigwa kwa simu, na vipimo vyenyewe husubiri. Lami haikimbii. Ajabu ni kwamba wapo askari wanaowafukuza hata wanaotaka kumgusa majeruhi, kwa hoja kwamba "ushahidi usivurugwe", kana kwamba mtu aliye hai ni sehemu ya alama za breki. Aliyekwisha kufa anaweza kusubiri, na heshima yake ni kufunikwa.

Kuhusu usafiri, tuuseme ukweli wa jiografia yetu. Mkoa wa Tabora una zaidi ya kilometa za mraba 76,000, mkubwa kuliko yote nchini kwa eneo, na barabara zake, iwe ya kwenda Nzega, ya Urambo na Kaliua, au ile ya Sikonge inayoshuka kusini kuelekea Rungwa, hupita misitu mirefu ambako hata mtandao wa simu hukatika. Kusubiri gari la wagonjwa huko mara nyingi ni kusubiri kitu ambacho hakijaondoka. Gari la polisi likiwepo, ndilo hilohilo. Katika jiji la Philadelphia, Marekani, polisi kwa miaka mingi wamekuwa wakiwapakia majeruhi wa risasi na visu kwenye magari yao ya doria badala ya kungoja gari la wagonjwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliohusu majeruhi zaidi ya 4,000, ulionyesha kwamba kwa jumla, ukizingatia ukali wa majeraha, waliopelekwa na polisi hawakufa zaidi ya waliopelekwa na magari ya wagonjwa. Ni kweli kwamba risasi si fuso, na mtu wa ajali ya barabarani anaweza kuwa na uti wa mgongo uliovunjika, hivyo difenda isimpakie kwa pupa. Alazwe juu ya ubao, mlango uliong'olewa au kitanda cha kamba kutoka nyumba ya jirani, na ashikiliwe kichwa njia nzima. Lakini gari lipo, dereva yupo, na king'ora kipo.

Pale ambapo gari la polisi halipo, kuna magari ya raia, na hapa tunagusa hofu. Dereva wa mchomoko tuliokuwamo alikataa mwanzoni kumchukua mzee. Aliniambia bila kuficha, "Mama, akifia humu nitalala ndani mimi." Hakuwa na roho mbaya, alikuwa na rafiki aliyempeleka mtu hospitali akashikiliwa siku mbili kama mtuhumiwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyehusika na ajali asimame, asaidie na atoe taarifa. Huyu mwingine, aliyepita tu na akasimama kwa utu wake, anahitaji kusikia neno kutoka kwa askari. Nchini India hofu ya aina hii ilifika mbali kiasi kwamba Mahakama ya Juu iliingilia kati mwaka 2016, na mwaka 2019 bunge lao likaingiza katika sheria ya magari kifungu cha kumlinda anayemsaidia majeruhi kwa nia njema, asilazimishwe hata kutaja jina lake. Sisi tunaweza kuanza na jambo la bure: askari amwandikie dereva kwenye kipande cha karatasi kwamba amemwagiza yeye kumpeleka majeruhi, aweke jina, namba yake ya askari na saini. Jioni ile karatasi ya namna hiyo ilitolewa hatimaye, baada ya mimi kuiomba mara mbili, na dereva aliikunja akaiweka kwenye kofia yake kama hirizi.

Tunao pia mfano wa nyumbani. Mfumo wa m-mama, ule wa kupiga 115 kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga, umeonyesha kwamba dereva wa kawaida wa kijijini anaweza kusajiliwa, kuitwa kwa simu na kulipwa kwa safari aliyoifanya. Sioni kwa nini mkuu wa kituo asiwe na orodha ya madereva kumi wa namna hiyo kwenye barabara yake.

Mambo madogo niyapitie haraka. Simu na fedha za majeruhi zikusanywe mbele ya shahidi na kuandikwa, kwa sababu vibaka hufika mapema kuliko wauguzi. Simu hiyo ikiita na jina lililoandikwa ni "Mama", askari aipokee, na aseme ukweli kwa maneno machache. Wanaopiga video wasogezwe, na askari mwenyewe asiwe mmoja wao. Dereva wa gari kubwa alindwe dhidi ya watu wenye hasira, na akaguliwe pia; huwa naye amepigwa kifuani na usukani na hakuna anayemuuliza.

Vifaa vinavyohitajika vinaenea kwenye mfuko mmoja: glavu, bandeji pana, mkasi, tochi, blanketi na chaki. Zamani pasipokuwa na glavu tulivaa mfuko wa plastiki mkononi. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 hata ujanja huo umepungua, kwa hiyo glavu zinunuliwe. Ujuzi nao unapatikana. Tukumbuke ajali ya basi la wanafunzi Karatu, tarehe 6 Mei 2017, iliyoua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva: kati ya waliofika mapema walikuwamo wageni kutoka Marekani waliokuwa wakipita na waliokuwa na mafunzo ya tiba, wakawahudumia watoto watatu waliokutwa hai, na wote watatu walipona. Nawashukuru wageni wale, lakini nchi haiwezi kutegemea bahati ya nani anapita. Askari huyu wetu, anayefika kila ajali kwa sababu ndiyo kazi yake, ndiye anayepaswa kuwa na mikono hiyo.

Yule kijana wa bodaboda amepona, mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo, na hunisalimu kila nipitapo sokoni. Wiki chache zilizopita nilikutana pia na yule askari wa daftari. Alinitambua kabla sijamtambua, akaniamkia, kisha akaniuliza palepale barabarani, bila utangulizi, ile kiu ilikuwa ina maana gani. Tulisimama chini ya mwembe karibu nusu saa. Ndiyo maana namwomba Kamanda wa Polisi wa mkoa wetu, kama gazeti hili litamfikia, anipangie Jumamosi yoyote na askari wachache wa barabarani pamoja na viongozi wa bodaboda. Sihitaji posho. Khanga za kufungia nitakuja nazo mwenyewe, na wao waje na kitabu kimoja cha PF3, tuone kama kinaenea kwenye mfuko wa gari.

Muuguzi mstaafu,
Tabora.